Vigeu Vinavyoshirikiwa katika Kerneli ya Linux: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Anayeanza kusafisha matangazo ya vigeu vinavyotumiwa na mafaili mengi katika kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, kwa kawaida huwa amesukumwa na moja ya mambo mawili: ama ujenzi umekwama baada ya kubadili toleo la kompaila, ama zana ya ukaguzi imemtupia maonyo mia moja na hajui aanzie wapi. Katika hali zote mbili, kabla ya kuuliza ni mstari gani wenye kosa, uliza kwanza ni nani aliyelalamika. Kompaila, programu inayogeuza msimbo wa C kuwa msimbo wa mashine, husoma faili moja la .c kwa wakati mmoja, pamoja na mafaili ya kichwa (.h) yaliyoingizwa ndani yake, na haina habari yoyote ya faili la jirani. Linka, inayounganisha mafaili yaliyokwisha kutafsiriwa, huyaona mafaili yote, lakini hutazama majina tu. Haijui kwamba jina lilelile ni la int huku na la unsigned long kule. Modpost, zana ya ujenzi wa kerneli, huja baadaye kukagua moduli (vipande vya kerneli vinavyopakiwa baadaye) na sehemu za kumbukumbu. Kerneli ikishawaka, hakuna tena mkaguzi isipokuwa mtumiaji anayeona namba za ajabu. Kadiri lalamiko linavyochelewa kutoka ndivyo hitilafu inavyokuwa ngumu kuipata, na ndiyo maana mwongozo huu unakaa muda mrefu zaidi kwenye hitilafu ambazo hakuna anayezilalamikia.

Katika maelezo yanayofuata, tangazo ni ule mstari wenye neno extern, unaosema kwamba kigeu kipo mahali fulani na kwamba aina yake ni hii. Fasili ni ule mstari unaokitengea kigeu nafasi katika kumbukumbu. Karibu kila dalili itakayotajwa hapa inatokana na tangazo na fasili ambavyo havijawahi kuonana ndani ya faili moja.

Linka inadai kwamba jina limefasiliwa mara mbili

Ujumbe wake huwa na maneno "multiple definition of", yakifuatwa na jina la kigeu na mafaili mawili ya .o. Sababu ya kawaida kabisa ni kwamba mtu ameandika kigeu ndani ya faili la kichwa akasahau neno extern, hivyo kila faili la .c linaloingiza kichwa hicho limejifasilia kigeu chake. Dawa ni kuweka extern katika kichwa na kuandika fasili moja tu katika faili la .c lenye dhamana ya kigeu hicho. Sababu ya pili ni waandishi wawili wasiojuana kuchagua jina moja, kama debug au timeout, kila mmoja kwa matumizi ya faili lake. Hapo hakuna kinachoshirikiwa; kila fasili ipewe static, neno linalolifungia jina ndani ya faili lake, au jina lipewe kiambishi cha draiva yake, yaani programu inayoendesha kifaa.

Kinachowachanganya wengi ni msimbo uliojengeka vizuri kwa miaka mingi unapokataa siku moja bila kuguswa na mtu. Kilichobadilika hapo ni kompaila. Zamani kompaila ya GCC, ikikutana na kigeu cha kiwango cha faili kisichopewa thamani ya kuanzia, ilikiweka katika eneo la pamoja, desturi iliyorithiwa kutoka Fortran, na linka ikaziunganisha fasili zote za jina hilo zikawa kitu kimoja. GCC 10, iliyotoka Mei 2020, iligeuza msimamo: bendera ya -fno-common ikawa ndiyo kawaida. Kerneli yenyewe haikutikisika, kwa sababu Makefile yake, faili la maagizo ya ujenzi, ilikuwa ikiitumia bendera hiyo tangu zamani. Zilizovunjika ni zana ndogo zinazojengwa kwa ajili ya mashine ya mjenzi mwenyewe, na maarufu kuliko zote ni dtc, programu inayotafsiri maelezo ya vifaa vilivyomo kwenye ubao. Mpaka leo, anayejaribu kujenga kerneli ya zamani kwa kompaila mpya hukutana na mstari huu:

    multiple definition of `yylloc'

Kisa chake kinafaa kuangaliwa kwa karibu, maana kinaonyesha jinsi usafi wa matangazo unavyofanyika. Faili la scripts/dtc/dtc-lexer.l lilikuwa na mstari `YYLTYPE yylloc;`, na faili la kichanganuzi linalozalishwa na bison (zana ya kutengenezea vichanganuzi vya lugha) nalo lilifasili jina hilohilo. Wazo la kwanza la kila mtu lilikuwa kuongeza extern mbele ya mstari ule. Kompaila ikakataa tena, safari hii kwa sababu tofauti: kichwa kinachozalishwa na bison tayari kina tangazo hilo, na bendera ya -Wredundant-decls, ikiwa imepandishwa hadhi kuwa kosa, haikubali tangazo la pili lisilo na kazi. Maana yake ni kwamba mstari ule haukuhitajika kabisa tangu mwanzo, na kiraka (badiliko la msimbo) kilichokubaliwa kiliufuta, basi. Ukikutana na hali kama hii, jaribu kufuta kabla ya kuongeza. Angalizo moja: katika kerneli za zamani zaidi, faili lililokwisha kuzalishwa lilibebwa ndani ya mti likiwa na mwisho wa jina _shipped, kwa hiyo ukirekebisha faili la .l peke yake hutaona badiliko lolote. Lile la _shipped nalo ni lazima lirekebishwe.

Wapo wanaopendekeza kurudisha -fcommon ili mambo yaende. Kwa mtu anayetaka picha ya kerneli leo jioni, sina ugomvi naye. Kwa mwenye dhamana ya msimbo, bendera hiyo inaficha vigeu viwili vilivyogongana majina kwa bahati mbaya na kuvifanya kimoja, na hapo draiva moja huandika juu ya thamani ya nyingine.

Jina halionekani kabisa

Dalili hii ina sura mbili, na kuzitofautisha huokoa muda. Ikiwa ujumbe ni "undefined reference" unaotoka wakati wa kuunganisha vmlinux, yaani faili la kerneli nzima, tangazo lipo lakini fasili haikujengwa. Kagua usanidi kwanza. Mara nyingi faili lenye fasili hutegemea chaguo la Kconfig (mfumo wa usanidi wa kerneli) ambalo halikuwashwa, au limewashwa kama moduli ilhali anayelihitaji amejengwa ndani ya kerneli yenyewe; msimbo wa ndani hauwezi kutegemea kigeu kitakachokuja baadaye na moduli. Dawa iko kwenye mstari wa `depends on`, wala si kwenye msimbo wa C. Kama usanidi uko sawa, tafuta katika historia ya git iwapo kuna aliyeongeza static hivi karibuni kwa nia njema.

Ikiwa anayelalamika ni modpost, na jina limefuatwa na neno "undefined!" pamoja na faili la .ko, basi kigeu kipo katika kerneli lakini hakijatolewa kwa ajili ya moduli. Kinahitaji EXPORT_SYMBOL_GPL au EXPORT_SYMBOL, iwekwe mara tu baada ya fasili yake. Kabla ya kuiongeza, jiulize kama moduli inahitaji kukigusa kigeu chenyewe au inahitaji kusoma thamani yake tu, maana kigeu kikishatolewa, moduli yoyote inaweza kukiandika bila kupita kwenye kufuli lako. Funksheni fupi inayorudisha thamani huwa afadhali.

Kuna ndugu wa dalili hii anayetokea wakati wa kupakia moduli: "disagrees about version of symbol". Pale CONFIG_MODVERSIONS inapotumika, kila jina lililotolewa hupewa namba inayokokotolewa kutokana na aina yake, pamoja na muundo wa struct zilizomo ndani. Namba zikitofautiana, moduli ilijengwa kwa vichwa vingine. Usilazimishe upakiaji, ijenge upya moduli kwa vichwa vya kerneli inayotembea.

Sparse inauliza kama kigeu kiwe static

Sparse ni chombo cha ukaguzi alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2003, na huitwa kwa `make C=1` kwa mafaili yanayojengwa upya tu, au `make C=2` kwa mafaili yote. Onyo lake linalojulikana kuliko yote linasema kwamba jina fulani halikutangazwa, kisha linauliza: "Should it be static?" Ni swali la kweli, na kosa la wanaoanza ni kulisoma kama amri.

Jibu linategemea anayekitumia kigeu. Tafuta kwa `git grep -nw jina` katika mti mzima, usiishie kwenye folda uliyomo, kwa sababu kigeu kisichotumika popote kwenye x86 kinaweza kuwa kinatumika chini ya arch/s390. Ikiwa kinatumika katika faili lake tu, static ndilo jibu. Ikiwa kinatumika na mafaili mengine, basi ama kichwa chenye tangazo kipo na faili lenye fasili limesahau kukiingiza, ama tangazo limetawanyika ndani ya mafaili ya .c na linapaswa kuhamishiwa kwenye kichwa. Kuna pia vigeu vinavyoguswa na msimbo wa asembli au vinavyotajwa katika hati ya linka, na grep inayotafuta mafaili ya .c na .h peke yake haitaviona. Vingine majina yao huungwa na makro kwa alama ya ##, na hivyo jina zima haliandikwi popote. Ukitia static kwenye kigeu cha namna hiyo, na bahati ikiwa nzuri, linka italalamika. Bahati ikiwa mbaya, ni usanidi ambao hukuujenga ndio utakaolalamika, tena kwa mtu mwingine. Ndiyo maana kiraka kinachoongeza static kinastahili kujengwa kwa usanidi wa allmodconfig (karibu kila kitu kama moduli) na wa allnoconfig (karibu kila kitu kimezimwa) kabla ya kutumwa.

Ujanja mmoja nimeuona mara nyingi mno: mtu anaandika extern juu ya fasili, ndani ya faili lilelile la .c, na onyo linapotea. Sparse imeridhika kwa sababu tangazo limeonekana. Hakuna kilichotibiwa, kwa kuwa mafaili mengine bado yanategemea matangazo yao wenyewe yasiyokaguliwa na yeyote. Checkpatch, hati ya kerneli inayokagua viraka, kwa upande wake huonya kwamba extern iepukwe katika mafaili ya .c, na katika hili ina haki.

Hakuna onyo, lakini thamani si ile

Hapa ndipo penye kazi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na draiva ndogo iliyohesabu pakiti za mtandao. Faili moja lilikuwa na fasili:

    u64 jumla_pakiti;

na faili la pili, ambalo niliandika usiku nikiwa sitaki kufungua kichwa kipya, lilikuwa na tangazo la haraka:

    extern u32 jumla_pakiti;

Kwenye laptopu yangu kila kitu kilikuwa sawa. Kwenye ruta yenye prosesa ya MIPS, hesabu ilibaki sifuri siku nzima, ilhali pakiti zilikuwa zinapita mbele ya macho yangu. Nilishuku kadi ya mtandao, nikashuku katizo (ishara ambayo kifaa huipa prosesa), nikashuku hata waya. Chanzo kilikuwa mpangilio wa baiti. Prosesa ya laptopu huweka baiti nyepesi kwanza, kwa hiyo anayesoma baiti nne za mwanzo za namba ya baiti nane hupata nusu ya chini, yaani hesabu sahihi mpaka ifike takriban bilioni 4.3. Prosesa ya ruta ile huweka baiti nzito kwanza, kwa hiyo baiti nne za mwanzo ni nusu ya juu, na nusu ya juu ni sifuri mpaka hesabu ivuke kiwango hichohicho. Kompaila haikuona kosa kwa kuwa haikuwahi kuyaona mafaili yote mawili pamoja. Linka iliona jina moja, ikaridhika.

Kipimo cha dalili hii ni chepesi: chukua tangazo unalolishuku, lihamishe kwenye kichwa, kisha uingize kichwa hicho katika faili lenye fasili pia. Ikiwa aina hazilingani, kompaila itasema mara moja "conflicting types for". Watu wengi huingiza kichwa katika mafaili yanayotumia kigeu na kulisahau faili linalokifasili, ilhali ni hilo pekee linaloweza kuumbua uongo wa tangazo. Kompaila ya Clang imekuwa na bendera ya -Wmissing-variable-declarations inayosaka fasili zisizotanguliwa na tangazo, na GCC iliipata pia katika toleo la 14, mwaka 2024.

Kerneli yenyewe ina mahali ambapo majina mawili yenye ukubwa tofauti hukaa kwenye nafasi moja kwa makusudi. Kihesabu cha muda jiffies ni unsigned long, na jiffies_64 ni u64; hati ya linka huvilaza pamoja kwa kuandika `jiffies = jiffies_64`, na katika mashine za biti 32 zinazoweka baiti nzito kwanza huandikwa `jiffies = jiffies_64 + 4`, ili jina fupi lielekee kwenye nusu ya chini. Zile baiti nne za ziada ndizo zilizokosekana kwenye draiva yangu. Na kama kigeu chako kinachoshirikiwa hubeba nakala ya jiffies, angalia pia hitilafu inayojitokeza dakika 5 baada ya mashine kuwaka: jiffies huanzishwa kwa thamani iliyo sekunde 300 kabla ya kufurika kwa biti 32, kusudi makosa ya ulinganishaji yaonekane mapema badala ya kungoja wiki kadhaa. Tumia time_after kulinganisha nyakati, na ukitangaze kigeu hicho kuwa unsigned long pande zote.

Sura ya pili ya dalili hii ni safu iliyotangazwa kama kielekezi, yaani kigeu kinachobeba anwani. Katika xv6, mfumo mdogo wa kufundishia wa MIT, faili la kalloc.c lina tangazo `extern char end[];` na maelezo kwamba hiyo ni anwani ya kwanza baada ya kerneli, iliyowekwa na hati ya linka. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba safu na kielekezi ni kitu kimoja huandika `extern char *end;` na msimbo unakubaliwa bila neno. Tofauti iko katika maagizo yanayozalishwa. Kwa safu, jina lenyewe ndiyo anwani. Kwa kielekezi, prosesa huenda kwenye anwani hiyo, husoma baiti nane zilizoko pale, na kuzifanya ndizo anwani. Kilichoko baada ya mwisho wa kerneli hakina uhusiano wowote na mwisho wa kerneli, na kigawa kumbukumbu huanza kugawa kutoka mahali pasipojulikana. Katika Linux, majina ya namna hii, kama _text na _etext, yamekusanywa katika include/asm-generic/sections.h, yote yakiwa safu. Ukikuta faili la .c lililojitangazia majina hayo lenyewe, futa tangazo hilo na uingize asm/sections.h.

Sura ya tatu ni kinyume cha zote: unaandika thamani katika faili hili, na faili lile halioni badiliko. Tazama System.map, orodha ya majina ya kerneli na anwani zake:

    grep -w jina System.map

Ukiona mistari miwili au zaidi yenye herufi ndogo d au b, kigeu kina nakala kadhaa, kwa sababu mtu aliandika static ndani ya faili la kichwa, pengine alipokuwa anakimbia ujumbe wa fasili mbili uliotajwa mwanzoni. Herufi kubwa, D au B, huonyesha jina la kushirikiwa, nalo linapaswa kuonekana mara moja tu.

Vigeu vya kila prosesa navyo vina mtego wao. Kigeu kilichofasiliwa kwa DEFINE_PER_CPU kinatakiwa kutangazwa kwa DECLARE_PER_CPU, na kama fasili ni ya aina maalumu, mfano DEFINE_PER_CPU_READ_MOSTLY, tangazo nalo lifuate umbo hilohilo. Extern tupu itakupa anwani isiyo ya nakala ya prosesa yoyote. Sparse hulikamata kosa hili ikipewa nafasi.

Kerneli inaanguka baada ya usafi, ingawa ujenzi ulikuwa safi

Soma anwani zilizomo katika ripoti ya kuanguka. Ukiona kielekezi kilichojaa cc, mathalani 0xcccccccccccccccc, mshuku kwanza kigeu chenye __initdata, alama ya data ya kuanzishia mfumo tu. Kumbukumbu ya kuanzishia mfumo hurudishwa mara mfumo unapowaka, na amri ya dmesg huonyesha mstari wa "Freeing unused kernel image (initmem) memory". Eneo hilo hujazwa baiti 0xcc kusudi anayeendelea kulisoma aumbuke. Modpost ilikuwa na nafasi ya kukuonya kwa "section mismatch", na inawezekana ilikuonya kweli, onyo likapita katikati ya mistari elfu tatu ya ujenzi. Ondoa __initdata, au isogeze kazi inayokisoma kigeu hicho iwe ya kuanzishia nayo pia.

Ikiwa kosa ni la kuandika mahali pa kusoma tu, angalia alama ya __ro_after_init, iliyoingia katika toleo la 4.6 mwaka 2016. Ni alama nzuri kwa kigeu kinachowekwa mara moja wakati wa kuwaka, na ni hatari kwa kigeu ambacho mtumiaji anaweza kukibadilisha baadaye kupitia sysctl, njia ya kubadili mipangilio ya kerneli inayotembea. Alama zote za namna hii mahali pake ni kwenye fasili. Clang huweza kulalamika ikiona tangazo la extern limepewa alama ya sehemu ya kumbukumbu ambayo tangazo lililotangulia halikuwa nayo, nayo GCC mara nyingi hunyamaza.

Mfumo umepungua kasi, au kitanzi hakitoki

Upungufu wa kasi baada ya usafi huwashangaza watu, kwa kuwa hakuna mantiki iliyobadilika. Kilichobadilika ni ujirani. Umekusanya vigeu kumi vilivyotawanyika, ukavipanga vizuri mahali pamoja, na sasa kihesabu kinachoandikwa kila mara na prosesa moja kimeangukia mstari mmoja wa kache (kumbukumbu ya haraka ya prosesa), wa baiti 64 kwenye x86, pamoja na kigeu kinachosomwa na prosesa zote. Kila kihesabu kinapoandikwa, prosesa nyingine hulazimika kuuleta mstari huo upya. Zana ya `perf c2c` huonyesha mstari unaogombaniwa. Kinachosomwa zaidi kipewe __read_mostly. Kinachoandikwa zaidi kipewe nafasi yake kwa ____cacheline_aligned_in_smp.

Kitanzi kisichotoka, kinachongoja bendera inayowekwa na katizo, hudhaniwa kuwa kosa la tangazo, na watu hukimbilia kuongeza volatile. Mwongozo wa kerneli unapinga tabia hiyo waziwazi, na sababu yake ni kwamba kinachohitaji uangalifu ni kila tendo la kusoma au kuandika, wala si kigeu chenyewe. Tumia READ_ONCE na WRITE_ONCE mahali husika, au kufuli kama kuna zaidi ya thamani moja inayobadilika kwa pamoja. KCSAN, zana ya kusaka migongano hiyo iliyoingia katika toleo la 5.8 mwaka 2020, itakuonyesha wasomaji na waandishi wanaogongana. Jiffies imebaki na volatile yake kwa sababu za kihistoria, isitumiwe kama kisingizio.

Vichwa vinazungukana

Baada ya kuhamishia tangazo kwenye kichwa, kompaila inaweza kulalamika kwamba haijui aina ya struct fulani. Usiongeze #include kwa pupa. Tangazo la kigeu ambacho ni kielekezi kwa struct linahitaji jina la struct tu, kwa hiyo mstari `struct kifaa;` juu yake unatosha. Vichwa vya kerneli tayari vimesongamana kiasi kwamba Januari 2022 Ingo Molnar, mmoja wa watunzaji wa kerneli, alituma mfululizo wa viraka zaidi ya 2,200 wenye lengo la kuvipunguzia mzigo. Usiwe wewe wa kuuongeza kwa ajili ya tangazo moja.

Kuhakikisha kwamba usafi ni usafi

Kiraka kinachohamisha matangazo tu hakipaswi kubadili msimbo wa mashine. Jenga kabla na baada kwa usanidi uleule na KBUILD_BUILD_TIMESTAMP ileile, kisha linganisha mafaili ya .o kwa scripts/objdiff, na vmlinux mbili kwa scripts/bloat-o-meter. Static ikiongezwa, kutakuwa na tofauti halali: kompaila sasa inajua hakuna mwingine anayekigusa kigeu, na inaweza kukifuta au kukigeuza kuwa thamani isiyobadilika. Mahali penye WARN_ON au BUG_ON pia patatofautiana kidogo, kwa kuwa namba ya mstari huhifadhiwa pamoja nayo, na kufuta mstari mmoja wa extern juu ya faili husogeza namba zote zilizo chini yake. Tofauti nyingine yoyote isiyoelezeka kwa mambo hayo mawili ina maana kwamba mahali fulani tangazo la zamani lilikuwa linasema aina moja na fasili aina nyingine, na kiraka chako, kilichoandikwa kama usafi, kimerekebisha hitilafu. Kitenganishe na vingine, andika katika maelezo yake ni mashine zipi zilizokuwa zinasoma thamani isiyo sahihi, na uwatumie wanaotunza matoleo ya zamani nao wakichukue.